Mle Hamna Kitu

Mti namba kumi na saba ulikuwa mvule. Kibati chake cha namba nilikigongomea mwenyewe, usawa wa kifua, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa chuoni: kila mti uliopita unene fulani upewe namba, upimwe, uandikwe daftarini. Mle Mwambaule niligongomea vibati mia mbili na kumi na kimoja. Ilifika mahali mtu akitaka mbao kwa seremala Ashraf haulizi mvule wala mgulele. Anasema, "N'katie sabini na tatu," na Ashraf anakwenda moja kwa moja, hapotei.

Hilo ni moja tu katika niliyoyafanya. Nataka kuyasema yote, maana nimechoka kusifiwa. Kila nikienda mjini napewa mkono: hongera Khairat, ripoti yako nzuri. Ni nzuri kweli. Ina ramani za rangi, ina mchoro wa mihrabu kwa vipimo vya sentimita, ina majedwali ya popo mwezi kwa mwezi. Kilichokosekana ni msitu wenyewe.

Mwambaule ulikuwa msitu mdogo, ungeweza kuuzunguka kwa miguu ukarudi chai haijapoa. Ulikuwa kaskazini kabisa ya Pemba, juu kidogo ya Msuka, baina ya mashamba ya mihogo ya kijiji chetu na ufuo. Ndani yake mlikuwa na msikiti wa mawe ulioanguka paa kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa, lakini kuta zilisimama na mihrabu ilisimama, na pembeni makaburi tisa yenye vichwa vya mawe. Nyuma ya ukuta wa kibla uliota mgulele mkubwa kuliko yote. Huo nilikuwa nimeupa namba moja. Matawini mwake walilala popo wetu, wale wakubwa wenye uso wa mbwa, wasiopatikana duniani ila Pemba. Msimu wa maembe niliwahesabu mia nane na sitini.

Kila kitu kilichouzunguka msitu ule kilikwisha katwa zamani. Uliobaki, ulibaki kwa woga. Hakukuwa na sheria, uzio wala askari. Kulikuwa na sharti tu: unavua viatu, humwiti mtu kwa jina, hukati kibichi. Kuni kavu unaokota kwa ruhusa ya mvyale, yaani yule aliyerithishwa kuuangalia msitu, na mvyale ndiye azungumzaye na Mwenyewe. Huyo Mwenyewe, mwenye msitu asiyeonekana, hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Mtu akivunja sharti, mdomo wake huenda upande. Tulipokuwa wadogo tulioneshwa Mzee Silima, ambaye alikata boriti moja tu ya banda la mbuzi, na mpaka anakufa uji ulikuwa ukimvuja pembeni ya mdomo. Tulikuwa tukimpita mbio.

Mvyale wa zama zetu alikuwa Bi Mwanamize, mama yake mama yangu. Usimdhanie kikongwe mpole mwenye maneno ya hekima. Alikuwa mfupi, mkali, tambuu haimtoki shavuni, na matusi alikuwa nayo ya kutosha kijiji kizima na cha jirani. Kila mwaka kabla ya mpunga kupandwa alichukua chetezo chake cha udongo, akaingia Mwambaule peke yake na ubani, akatoka adhuhuri akawaambia watu Mwenyewe kasema nini. Siku zote kasema lile lile: msikate.

Nilipokuja na barua yangu ya utafiti alinikatalia miezi miwili. Kisha siku moja, bila ya mimi kumuomba tena, akasema, "Haya, ingia. Lakini vua viatu, na ukitoka usiseme."

"Nisiseme nini, Bibi?"

"Usiseme."

Wiki ya kwanza nilivua viatu. Wiki ya pili nilijikata kwa jiwe la matumbawe, mguu ukavimba, nikaanza kuingia na buti. Nikatoka na buti zangu zimejaa matope, nikapita nazo mbele ya baraza yake. Aliziangalia. Kisha akarudi kwenye tambuu yake, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani nimeshinda.

Chuo kinataka mtafiti arudishe matokeo kwa wananchi aliowafanyia utafiti. Ni jambo la heshima na nililiamini, hata leo sijui ningesemaje vyengine. Nilikusanya watu katika darasa la skuli, nikatundika shuka jeupe, nikaonesha picha. Nikawaeleza popo wanavyobeba kokwa na kupanda miti usiku kucha bila ya kulipwa. Nikawaeleza msikiti wetu una umri wa karne sita au zaidi, umejengwa kwa matumbawe na chokaa, na kwamba faili lake na la msitu liko ofisini mjini, likipita utakuwa hifadhi kwa sheria. Watu walisikiliza vizuri. Kulikuwa na wageni wawili kutoka mjini wamekaa mbele kwenye viti vya walimu. Bi Mwanamize alikaa nyuma na wanawake.

Ashraf ndiye aliyesimama kuuliza. Ashraf ni mtoto wa mjomba wangu na mama yangu alimnyonyesha, kwa hiyo ni ndugu yangu wa ziwa moja. Ni seremala, fundi mzuri wa milango na vitanda, mtu wa mzaha.

"Dada mtafiti," alisema, na watu wakaanza kucheka kabla hajafika popote, "mle weye umeingia mara ngapi?"

"Mara arobaini na mbili."

"Pekupeku?"

Niliwaona wale wageni wawili wakitabasamu. Nikaona haya. Sikuona haya kwa ajili ya buti. Niliona haya kwamba wageni watarudi mjini wakasimulie kuwa kwetu watu wazima wanaogopa miti.

"Na buti," nikasema.

"Na mdomo wako huo, mbona umekaa sawa? Hukuona kitu? Hukusikia kitu?"

Hapo ningeweza kusema sijui. Mtafiti anaruhusiwa kusema hajui, tena ni sifa. Ningeweza kucheka tu nikabadili picha. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu wetu na shahada yangu, na nilitaka waupende msitu kwa kuujua, wasiuogope kama watoto.

"Nimeona paa watatu, nimeona mapopo, nimeona siafu," nikasema. "Chengine sikuona. Mle hamna kitu, Ashraf."

Maalim Talib, imamu wetu, alisimama na kunyoosha mikono. "Allahu Akbar! Miaka ishirini nawaambia hakuna wa kuogopwa ila Mola, mnanitazama tu. Leo mtoto wa hapa hapa kathibitisha kwa elimu." Watu wakapiga makofi. Nilipotazama nyuma, Bi Mwanamize alikuwa ameshatoka.

Wiki ya tatu baada ya mkutano ule nilisikia chenso. Msumeno ule wa injini Ashraf aliununua Konde na hakuwa akiuficha. Alianza na namba themanini na nane, mtondoo mdogo wa ukingoni, mmoja tu. Kisha akangoja. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba kila asubuhi kwa siku saba alijitazama kiooni kabla ya kunawa uso, na mkewe alimwambia apige mluzi ili aone kama midomo inakutana. Kijiji kizima kiliungojea mdomo wa Ashraf. Alipopita njiani watu walimsalimia wakimtazama chini ya pua. Siku ya nane alikunywa chai barazani kwa watu, haikumwagika hata tone, na mchana akaangusha minne.

Baada ya hapo haikuwa Ashraf tena, walikuwa watu. Waliotaka boriti walikata boriti. Waliotaka msingi wa nyumba walichukua mawe ya msikiti, maana ni mawe mazuri, yamekwisha chongwa na watu waliojua kazi. Maalim Talib alipoulizwa alisema mawe ya msikiti yasitiwe chooni, nyumbani hapana ubaya. Nilikwenda ofisini mjini mara tatu. Mara ya kwanza faili lilikuwa limepokelewa. Mara ya pili lilikuwa linashughulikiwa. Mara ya tatu kijana mmoja mwenye adabu sana aliniambia mkaguzi atakuja, na akaniuliza, bila ya ubaya wowote, kama msitu bado upo. Nikamwambia upo. Nilikuwa nahesabu bado mia na sitini.

Nilimfuata Ashraf na kumtajia sheria. Alizima chenso ili anisikilize, kwa heshima.

"Karatasi yake iwapi?" akauliza.

"Inakuja."

"Basi ikija n'taacha, wallahi. Mie n'na watoto watano chumba kimoja, dada. Na weye ndiye uliyesema."

Ndipo nilipokwenda kwa Bi Mwanamize. Ilikuwa Alhamisi, asubuhi. Alikuwa ukumbini amekaa juu ya mkeka anachambua karafuu, vikonyo anavitupa kushoto, karafuu kulia, na hakuinua uso.

"Bibi, fanya kitu," nikasema. "Ingia na ubani. Ukitoka waambie Mwenyewe kakasirika."

"Mwenyewe yupi?"

"Bibi, usinifanyie hivyo."

"Weye si umewaambia hamna kitu? Basi hamna. Hukusema uwongo." Alitema tambuu kwenye kopo. "Mle hamna kitu, Khairat. Hamjawahi kuwamo."

Nilikaa chini. 

"Siku bibi yangu alipon'kabidhi chetezo," alisema, "alin'tia ndani ya msikiti ule, akan'kalisha mbele ya mihrabu, akan'kamata sikio hili. Akan'ambia, Mwanamize, mle hamna kitu. Kila mvyale anajua, na kila mvyale anakufa nalo. Siku watakayojua hamna kitu, watakata. Mie n'lilia, maana n'likuwa nikimuogopa Mwenyewe toka mdogo. Kumbe hakuna hata wa kumuogopa. Basi n'kafuta machozi, n'katoka, n'kawaambia watu kasema msikate."

"Na Mzee Silima? Na mdomo wake?"

"Watu hupinda midomo kila mahali, yakhe, hata Gombani uwanjani hupinda. Sie tukingoja tu apinde mmoja aliyepita karibu."

Niliona hasira inanipanda, na naisema hapa kwa kuwa sijivunii. Nilimpigia kelele bibi yangu. Nilimwambia kama alijua, kwa nini hakunambia. Ningekuwa nimejua la kusema siku ile. Miaka yote ile ya masomo, na jambo moja la maana yeye amelikalia kimya.

"N'likwambia," akasema. "Vua viatu, na ukitoka usiseme. Ulitaka n'kwambie mara ngapi?" Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea kwake, "Chetezo n'likuwa nakiweka kwa ajili yako. N'likuacha uingie ili uzowee."

 Mbali kidogo chenso ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Bi Mwanamize aliendelea na karafuu zake mpaka fungu likaisha, akakung'uta kanga.

"Bado kuna njia," alisema. "Umwa."

"Nini?"

"Lala kitandani. Mdomo uupinde, sema huwezi kula. Siku saba tu. Weye ndiye uliyeingia na buti, ukiumwa weye hakuna atakayebisha. Mie n'takuja n'kufukize, watu waone, kisha upone. Hawatogusa hata ukuti."

Nilicheka. Alinitazama, nikaona hachezi. Nikamwambia mimi ni mtu wa utafiti, wiki ijayo nina mkutano mjini mbele ya maprofesa, habari zitafika kwamba Khairat kapigwa na shetani wa msituni. Nikamwambia pia ni uwongo, na uwongo ni dhambi. Hilo la dhambi nililiongeza mwisho kwa kuwa lile la kwanza nililionea haya.

"Dhambi n'naibeba mie miaka hamsini," akasema. "Siku saba zako zingenielemea nini?" Akainuka kwa kushika ukuta. "Basi. Tutatafuta mwengine wa kuumwa."

Nilidhani ni hasira za kizee. Nikaenda kwenye mkutano wangu mjini, nikaonesha ramani zangu, nikapigiwa makofi.

Wiki tano zilipita na siku zake tangu Alhamisi ile. Asubuhi moja mama alinipigia simu: Bibi kaanguka jikoni. Nilifika nikamkuta ameshalazwa mkekani, watu wamejaa mlangoni, lakini hakuna aliyeingia. Walikuwa wamesimama wanatazama. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande wa kushoto.

Tulimpeleka hospitali. Daktari Paskali, mtu wa Bukoba aliyekaa Pemba mpaka akaanza kusema "yakhe," alimpima na kunieleza taratibu, kwa huruma, kwamba presha imepanda sana, mshipa umepasuka kichwani, na kwa umri wake tujiandae. Aliandika yote katika karatasi. Nilimwambia haiwezekani, anakunywa dawa kila siku, mimi mwenyewe humletea kila mwezi. Alisema wakati mwengine hutokea.

Aliishi siku nne. Siku ya pili nilikuwa peke yangu naye, namfuta mate. Alifungua macho akacheka kwa nusu ya uso, na nusu ile ilikuwa na ujeuri wake wote.

"Wakikuuliza," akasema, maneno yakimtoka yamesagika, "sema msitu."

"Bibi, pumzika."

"Sema... msitu. Umesikia?"

"Naam, Bibi," nikasema. "Nimesikia. Nitasema."

Alifumba macho. Hakusema neno jingine la kueleweka mpaka anafariki.

Nilichokiona katika siku za matanga sijakiona tena. Hakuna aliyeniuliza chochote, na mimi sikufungua mdomo. Chenso ilikuwa kimya tangu asubuhi ile Bibi alipoanguka. Waliopita njia ya Mwambaule kwenda ufuoni walivua viatu wakavishika mkononi. Wanawake waliokuwa wakiosha mchele wa khitma walinong'ona kwamba Mwenyewe kamchukua mvyale wake kwanza, wengine wanafuata. Asubuhi ya pili nilikwenda kutazama, nikakuta mawe kumi na moja ya msikiti yamerudishwa. Yalipangwa juu ya ukuta mahali pake, bila ya saruji, kwa uangalifu, na mtu aliyeyarudisha alifagia majani mbele ya mihrabu. Nikahesabu miti. Ilibaki mia na nne, na namba moja ilikuwamo, na mapopo yakining'inia juu yake yakijipepea kwa mbawa. Nilikaa juu ya kaburi moja nikalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilimlilia bibi yangu, na nilifurahi pia, kwa pamoja. Mia na nne inatosha. Msitu wa miti mia na nne hujirudia wenyewe ukiachwa.

Nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Kunyamaza, na nikiulizwa, neno moja.

Siku ya tatu baada ya khitma, alasiri, nilikuwa uani nasugua sufuria kubwa. Ashraf aliingia kwa mlango wa nyuma. Sikuwa nimemuona karibu tangu mazishini, ambako alishuka kaburini kumpokea bibi kisha akatoweka. Alikuwa amekonda. Ndevu zimemtoka ovyo, macho mekundu.

"Khairat, n'na neno."

"Kaa."

Hakukaa. "Bibi kafa na nini?"

Nilishika sufuria. Neno lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi, kusema kweli, usiku nilikuwa nikilirudia kama mtoto anayehifadhi sura.

"Kwa nini unauliza?"

"Saa ile alipopinda mdomo," alisema, "mie n'likuwa juu ya namba thelathini. Saa ile ile. Mama yako kapiga ukelele na mti unaanguka. N'meambiwa na watu, na hata wasingen'ambia mie n'najua. Silali. Mke wangu hanambii kitu lakini kaniondolea watoto chumbani. Na mie mwenyewe siwashiki, Khairat. Yule mdogo anakuja mbio kunipokea namkimbia, naogopa nitamtia balaa." Alianza kulia, mtu mzima, mkono umeziba uso, mabega yanatikisika. "N'ambie tu. Mie ndiye n'liyemuua Bibi?"

Mtu aliyesimama mbele yangu ameshiba ziwa nililoshiba mimi. Tulilala mkeka mmoja tukiwa wadogo, akinishikia mkono tukimpita Mzee Silima. Ningemwambia nini? Ningemwambia ndiyo? Kwa sababu kusema msitu ndiyo maana yake. Angeibeba mpaka kaburini, na wanawe watano wangekua na baba asiyewashika.

Sikufikiria mapopo. Nataka hilo lieleweke. Sikupima hiki na kile kisha nikachagua. Nilimuona analia tu.

"Presha," nikasema. "Ashraf, ni presha. Mshipa umepasuka. Hukumfanya kitu." Nikaenda ndani nikaleta karatasi ya Daktari Paskali, nikamsomea mstari kwa mstari. "Umeona? Wewe huhusiki. Msitu hauhusiki. Mle hamna kitu."

Aliichukua karatasi akaisoma tena mwenyewe, midomo inacheza. Akaikunja vizuri akanirudishia. Alishusha pumzi kwa nguvu.

"Mola akulipe kheri, dada," akasema. "Mola akulipe. Umeniokoa."

Mkewe aliniambia usiku ule alilala mpaka alfajiri bila ya kugeuka. Na mimi nililala. Nilijiona nimefanya jema, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba nililala usingizi mzuri.

Habari ya karatasi ilitembea haraka kuliko nilivyotembea mimi. Jumatatu chenso ililia. Nilikimbia, lakini kutoka kwetu mpaka Mwambaule ni mwendo, na namba moja ilikuwa ya kwanza, kwa kuwa mwenye kuitaka alikuwa ameingoja muda mrefu. Nilifika ukingoni nikasikia unapasuka. Mgulele ule ulianguka upande wa kibla. Ukuta ulikwenda nao, mihrabu ikaenda na ukuta, vumbi la chokaa likapanda jeupe. Mapopo yalitoka yote juani, mia nane na sitini au zaidi, sikuhesabu, yakazunguka juu ya pale mti ulipokuwa, yanalia, yanazunguka, yanatafuta pa kutua. Jioni yalikuwa bado yanazunguka. Siku ya tatu hayakuwapo tena na sijui yalikokwenda. Nimetafuta mpaka Wambaa, kule kusini.

Ashraf alinijia mwenyewe. "Ukuta ni bahati mbaya, dada," alisema. "Upepo uligeuka." Alikuwa anasikitika kweli.

Mkaguzi alikuja mwezi uliofuata, msitu umekwisha; alikuwa mtu mwema, na viatu vizuri. Alitembea baina ya visiki akisoma vibati vyangu vya namba vilivyotupwa chini, akaandika kwamba eneo halina sifa za kuhifadhiwa. Nilimkopesha kalamu, yake ilikuwa imekwisha wino.

Chetezo cha Bi Mwanamize niliachiwa mimi. Mama alinipa juzi, kimefungwa ndani ya kanga yake ya zamani, na kifuniko kimefungwa kwa ukili. Nilidhani mna jivu tu. Nilipokifungua, juu ya jivu mlikuwa na vidonge vyeupe, vya presha, vile nilivyokuwa nikimletea kila mwezi. Kila Ijumaa nilikuwa nikimuuliza, Bibi umekunywa, naye akinionesha pakiti iliyopasuliwa, tupu. Nilivimwaga kwenye kiganja nikavihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yangu. Thelathini na vinane. Nikachukua kalenda ya ukutani nikarudi nyuma kwa kidole kutoka siku aliyoanguka, kidonge kimoja siku moja, mpaka nikafika Alhamisi ile ya karafuu.

Sikumwambia mama. Maalim Talib sikumwambia. Nilivirudisha chetezoni, nikakifunika, nikatoka barazani kutafuta hewa. Ashraf alikuwa anapita njiani na mwanawe mdogo juu ya mabega, mtoto amemshika masikio. Akanisalimia, nikamwitikia.